Ndoo ya Ijumaa

Mimi ndiye niliyesema, "Mwageni!"

Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wengi walijitwika lawama isiyo yao. Sichana, mwanafunzi wetu, alisema kosa ni lake. Mzee Mmanga, bawabu wetu wa kazini, akasema ni lake kwa kuacha mlango wazi. Twaibu naye, kama kawaida yake, akasema ni lake kwa kuzaliwa. Lakini sauti iliyotoka roshanini Ijumaa ile, saa saba na nusu mchana, ilikuwa yangu mimi, Ilham binti Ubwa, na wanaonijua wanajua kuwa sauti yangu haifichiki.

Siku ile Twaibu alikuwa anatimiza miaka thelathini na mbili. Kwao ni Malawi, Mangochi, kando ya ziwa. Alikuja Unguja na mkoba mmoja na mkataba wa miaka miwili wa kufundisha Kiingereza katika kituo chetu cha lugha pale Mkunazini, na mimi ndiye karani wa kituo, ninayeandikisha wanafunzi. Siku yake ya kuzaliwa ya mwanzo huku kwetu aliipitisha peke yake, chumbani kwake ghorofa ya juu ya kituo, kwa chai na nusu ya mkate, wala hakumwambia mtu. Nilikuja kujua baada ya miezi minne, nilipokuwa namjazia fomu ya kibali chake.

"Kumbe uliongeza mwaka na hukusema?" nilimuuliza.

Alitabasamu kidogo, akatazama kalamu yangu. "Ningemwambia nani?"

Nilirudi nyumbani nikajifungia chumbani nikalia, na mama alipobisha kuniuliza nina nini nikamwambia kitunguu, na hatukuwa tunapika siku ile. Hapo ndipo nilipojua kuwa nimeshapenda.

Tukapendana kwa macho tu. Alikuwa akiniletea daftari la mahudhurio kila alasiri, akinipa kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi amana, nami nalipokea kwa mikono miwili vilevile, na kwa miezi yote ile hatujagusana hata ncha ya kidole. Ila kile kipande cha muda ambapo mikono yetu minne ilishika daftari moja, wallahi, nilikuwa nakisubiri tangu asubuhi.

Mwanamume wa heshima akipenda huposa, naye akaposa. Tatizo ni kuwa posa huletwa na wazee, na Twaibu hapa hana hata binamu. Akamwomba Mzee Mmanga, na Mzee Mmanga akamchukua rafiki yake mmoja muuza kahawa, wakavaa, wakaja kwetu na barua. Baba yangu, fundi Ubwa, anayeshona kanzu tangu mimi sijazaliwa, aliwapokea vizuri, akawakaribisha kahawa na halua, akaipokea barua. Walipoondoka akasema, "Wazee wa kuazima."

"Na mkwe wa kuazima," akadakia shangazi Riyama, ambaye hajaitwa. "Mwalimu wa mkataba ni sawa na mpangaji, kaka. Muda ukisha anafunga virago. Kwao unakujua weye? Nani anamjua mama yake?"

Baba aliniita mimi.

"Ilham."

"Abee, baba."

"Umeisikia habari. Unasemaje?"

Kwetu msichana akiulizwa na baba yake juu ya mume, hasemi. Anainamisha kichwa, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Bibi yangu alinyamaza, mama yangu alinyamaza, dada zangu wawili walinyamaza na wana watoto sasa. Basi na mimi nikainamisha kichwa, nikavitazama vidole vyangu vya miguu, nikanyamaza kwa nguvu zangu zote. Nilinyamaza mpaka masikio yakavuma.

Baba alinitazama sana. Kisha akasema, "Haya. Nimekusikia."

Siku kumi na nne zikapita hakusema neno jengine. Mama nikimuuliza ananiambia, "Baba yako anafikiri, mwache." Mimi kila nikilisikia cherehani lake linasimama, moyo nao unasimama. Na mkataba wa Twaibu ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Mkurugenzi wa kituo alimwekea karatasi ya kuongeza miaka mitatu mezani, haijatiwa saini. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Nikikubaliwa nitatia saini siku hiyo hiyo. Nikikataliwa nitaondoka, Ilham. Sitaweza kukaa katika mji huu na kukuona ukipita ukiwa mke wa mtu mwingine."

Basi Ijumaa ile asubuhi, baba akiwa anavaa kofia yake, akasema bila ya kunitazama, "Leo baada ya sala ntampa Mzee Mmanga jibu lake." Nilikwenda kazini miguu haijui inakokanyaga.

Wanafunzi wa Twaibu walikuwa na mambo yao. Walishajua kuwa ni siku yake, kwa sababu mimi niliwaambia, na walishakubaliana kumfanyia anavyofanyiwa kila mtu siku hizi: keki, nyimbo, na kwanza kabisa kumrowesha maji. Kituo chetu ni nyumba ya kizamani ya Mji Mkongwe. Ukiingia mlango mkubwa unapita ukumbini, unatokeza uani, na juu ya uwa kuna roshani inayozunguka pande zote. Anayesimama roshanini na ndoo, aliye chini hana pa kukimbilia.

"Ilham, mikono inakutetemeka," aliniambia Sichana. Huyu ni mama wa watoto watatu kutoka Nungwi, anayejifunza Kiingereza apate kazi ya mapokezi hotelini, na hajapata kukosa siku.

"Ndoo nzito."

"Ndoo nimeishika mie."

Nikaitazama mikono yangu. Kweli ilikuwa mitupu.

"N'naogopa, Sichana. Jibu linatoka leo."

"Na likitoka la?"

"Ataondoka."

Alinitazama kwa huruma, akaiegemeza ndoo kwenye ukingo. "Basi kwanza tucheke. Mtu hajui lini atacheka tena. Weye kaa hapa uchungulie, ukimwona tu useme."

Nilikubali kwa sababu mtu mwenye hofu hukubali chochote kinachomsogezea dakika tano mbele. Nilijua Twaibu atarudi kutoka msikitini na kanzu nyeupe na kofia ya kiua, kama kila Ijumaa. Sikufikiri zaidi ya hapo. Lakini mtazame mwanamume kwa juu, siku ya Ijumaa, katika mji wetu: huoni uso wala umri. Unaona kofia na mabega mawili meupe.

Mlango ukalia. Hatua zikaja ukumbini, za taratibu. Kofia ikatokeza uani, na mabega mawili meupe.

"Mwageni!"

Ndoo nzima ilishuka. Sikujua kuwa Sichana ametia pakti mbili za ubuyu ndani yake, ili maji yapendeze, kama alivyokuja kueleza huku analia. Yalishuka mekundu. Wanafunzi wakapiga makofi, wakaanza wimbo, wakafika neno la pili.

Mtu yule wa chini alisimama bila ya kutikisika. Alivua kofia yake, akaikamua polepole, akainua uso.

Alikuwa baba yangu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Wimbo ulikatika. Wanafunzi walirudi nyuma wote kwa pamoja, na pale mbele nikabaki mimi na ndoo tupu, nayo nilikuwa nimeishika sasa, sijui Sichana alinipa saa ngapi. Baba alinitazama. Maji mekundu yalikuwa yanamtiririka kutoka nyusi mpaka ndevuni, mpaka kwenye tarizi ya kanzu aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzee Mmanga yupo?" aliuliza kwa upole.

Angepiga kelele ningepumua. Upole ule ndio ulioniua. Niliteremka ngazi sijui vipi, nimeshika ukuta.

"Baba, nisamehe, tulidhani, wallahi tulidhani..."

"Nimeuliza Mzee Mmanga."

Kabla sijajibu mlango ulilia tena. Akaingia Twaibu, mkavu, kanzu nyeupe na kofia ya kiua, na Mzee Mmanga nyuma yake. Alimwona baba. Akaona ndoo mkononi mwangu, akaona vichwa vinavyochungulia juu, na uso wake ukabadilika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani sana. Maji hayo yalikuwa yangu."

"Yako?"

"Nilitakiwa nimwagiwe mimi. Leo ni siku niliyozaliwa."

Baba alipangusa jicho moja. "Na kwenu mtu akizaliwa humwagiwa ubuyu?"

"Hapana, mzee. Kwetu hupewa kuku. Haya nimeyakuta huku."

Mzee Mmanga alikohoa ghafla akageukia ukuta. Mimi sikuwa na kicheko hata kidogo. Baba aliinamisha kichwa kuitazama kanzu, na hapo fundi akamshinda mtu aliyedhalilishwa.

"Rangi hii ikikauka haitoki," alisema.

"Nipe mimi," alisema Twaibu. "Nitaifua sasa hivi, kabla haijakauka. Tafadhali, mzee."

Baba hakupenda, lakini alipenda kanzu yake. Alitoa vilivyokuwemo mfukoni akanipa mimi bila ya kunitazama: tasbihi, miwani, futi yake ya kupimia, na bahasha. "Vianike," akasema, akapanda juu na Mzee Mmanga kubadilisha nguo chumbani kwa Twaibu.

Bahasha ilikuwa imelowa chepechepe. Niliiweka juu ya ukingo wa uani, penye jua, na gundi ikaachia yenyewe. Naapa iliachia yenyewe. Karatasi ikajikunjua kama inayonisubiri, wino umetawanyika, mistari mingi imekuwa bahari ya buluu. Lakini katikati palikuwa pakavu, na nilisoma kabla sijajikataza.

*...kwa heshima kubwa. Ila binti yetu hakuonesha raghba, nasi kumlazimisha mtoto hatuwezi. Tunamwombea kijana wenu kheri kwengine...*

Nilisoma mara ya pili. Nikakaa juu ya ngazi.

Hakuonesha raghba, yaani simtaki. Mimi! Mimi niliyenyamaza mpaka masikio yakavuma! Basi hakunikataza baba, wala shangazi, wala umbali wa Malawi. Nilikuwa nimejikataza mwenyewe, kwa adabu. Na dawa yake ilikuwa moja tu: nimwendee baba yangu, siku ya leo, nimetoka kummwagia ndoo ya maji, nimtazame usoni nimwambie namtaka mwanamume. Hakuna msichana wa nyumba yetu aliyewahi kulisema neno hilo.

Baba aliteremka. Amevaa kikoi cha Twaibu na shati lake la kitenge, la buluu lenye samaki, ambalo Twaibu hulivaa siku za sikukuu tu. Lilimfika magotini. Kama si siku ile, ningecheka mpaka nikae chini.

Twaibu alishavua kanzu yake, amebaki na fulana na suruali, amekunja mpaka magotini, amekaa juu ya kibao mbele ya mfereji wa uani na beseni. Alikuwa amekata ndimu tatu. Baba alisimama juu yake kama msimamizi wa mtihani.

"Usiisugue tarizi."

"Siisugui, mzee. Mama yangu ni mshoni. Ukiisugua uzi unalegea."

Twaibu alikamua ndimu juu ya doa, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalisuuza, akakamua tena. Alifanya hivyo kwa utulivu, doa baada ya doa. Baada ya kitambo niliona mkono wa baba unakwenda kwenye pindo la lile shati alilovaa. Alilipindua. Akatazama ndani.

"Hili kashona yeye?"

"Ndiyo. Alinitumia mwaka jana. Lilichelewa miezi miwili njiani."

Baba alivaa miwani yake iliyolowa, akaufuata mshono kwa kucha mpaka kwapani. "Kamaliza vizuri ndani," alisema. "Watu siku hizi ndani hawamalizi."

Sijapata kumsikia baba akimsifu fundi mwengine. Moyo wangu uliruka, kisha ukaanguka, maana barua nilikuwa nimeishika mkononi na jibu lilikuwa humo. Twaibu aliinua macho kunitazama. Alitabasamu lile tabasamu la kunikabidhi daftari. Mimi sikuweza. Akaniona. Akaiona karatasi mkononi mwangu, akanitazama tena usoni, na nikaona tabasamu linaondoka kidogo kidogo mpaka likaisha. Alishaelewa.

Alirudisha macho kwenye beseni, akaendelea kuifua kanzu ya baba yangu, doa kwa doa, kwa upole zaidi kuliko mwanzo.

Jamani, nilimpenda mtu yule. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilikuwa naogopa hasira ya baba, naogopa haya, naogopa wanafunzi wote waliojaa juu, na juu ya yote naogopa mwisho wa mwezi, ofisi bila ya yeye, na daftari la mahudhurio likiletwa na mtu mwengine kwa mkono mmoja.

Simu ya Twaibu ililia. Ilikuwa imewekwa juu ya ukingo, karibu na baba. Ikalia mpaka ikakatika, ikaanza tena.

"Ni mama," alisema Twaibu, mikono imejaa povu. "Hunipigia kila mwaka siku hii. Nitampigia baadaye."

Ikalia mara ya tatu. Baba hapendi kelele. Aliichukua akabonyeza kama anavyonibonyezea mimi nikimpigia kutoka kazini, na uso wa mwanamke ukatokea kwenye kioo, mtu mzima, amejifunga kitambaa kichwani, anacheka.

Kicheko kilikatika. Nilimwona anasogea karibu, anatazama. Hakumtazama baba usoni. Alikuwa analitazama shati.

"Twaibu!" alipiga ukelele. "Twaibu! Twaibu!"

Nilikimbia. Baba alikuwa ameishika simu mbali kama kitu kinachoungua. "Ana nini huyu mama? Nimemfanya nini?"

Yule mama alikuwa analia, anasema lugha yao, kisha akaingiza Kiingereza cha sokoni alichokuwa nacho, nami nikakifahamu.

"Anasema nini?" baba aliniuliza. "Ilham! Anasema nini?"

"Anauliza... anauliza kwa nini umevaa nguo za mwanawe. Anauliza kafa lini."

Baba aliinamisha macho kulitazama shati alilovaa.

"Anasema mwanawe mkubwa alikwenda kufanya kazi Afrika Kusini, na yeye pia ilikuwa hivi hivi. Zikarudi nguo. Anasema tumwambie ukweli, amekaa chini, yuko tayari."

Sijapata kumwona baba yangu akienda mbio. Siku ile alikwenda mbio, na kikoi cha kuazima, akapiga magoti kwenye maji mekundu mbele ya beseni na kuielekeza simu usoni kwa Twaibu. "Huyu hapa!" alikuwa anapiga kelele kwa Kiswahili. "Huyu hapa mwanao, mama! Mzima! Mtazame! Mwoneshe mikono, wewe kijana, mwoneshe mikono!"

Twaibu aliinyanyua mikono yake yenye povu. Akasema naye kwa lugha yao, taratibu, maneno mengi, na sauti yake ilimvunjika katikati. Mama yake alilia kilio chengine sasa, kile kinachotoka hofu ikishaondoka. Baba alibaki amepiga magoti, amemshikia simu, mkono unamtetemeka. Ndipo nilipoona kuwa nilikuwa namwogopa mtu ambaye naye anajua kuogopa.

Alipotulia yule mama aliuliza kitu.

"Anasemaje?" baba akaniuliza mimi. Twaibu alikuwepo, lakini aliniuliza mimi.

"Anauliza wewe ni nani."

"Mwambie fundi wa kanzu. Mwambie mwanawe ananifulia."

Nikafasiri. Yule mama alijibu, huku anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Anasema ahsante. Anasema kila siku analala na hofu kuwa huku mwanawe hana mtu."

Baba aliinuka, magoti yanamlia. Alimpa Twaibu simu, lakini Twaibu mikono ina povu, basi ikaja kwangu, na uso wa mama yake umenikodolea macho. Baba alinyoosha mkono mwengine.

"Lete ile barua."

Nilimpa.

"Umeisoma."

"Ilifunguka yenyewe, baba."

"Umeisoma."

"Ndiyo."

"Nimeandika uongo?"

Uwa wote ulikuwa kimya. Hata mfereji mtu aliufunga.

"Baba, mimi nilinyamaza," nilisema, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto.

"Najua ulinyamaza. Ndiyo nikaandika."

"Lakini mama alinyamaza. Dada walinyamaza. Si ndiyo..."

"Ilham." Alivua miwani. "Mama yako mtu wa kimya, akinyamaza namfahamu. Wewe tangu uzaliwe hujapata kunyamaza. Ulipovunjika mkono ulisema njia nzima mpaka hospitali, ukamfundisha na daktari kazi yake. Nikakuuliza juu ya mume, ukanyamaza. Nifahamu nini mimi? Nikasema mwanangu hamtaki huyu mtu, anaona haya kumvunja moyo, basi wacha nimvunje mimi."

Nilitaka kucheka na nilitaka ardhi inimeze, vyote pamoja. Twaibu alikuwa amesimama sasa, kanzu ya baba mikononi mwake inadondoka maji. Hakunisaidia. Alinitazama tu, na machoni mwake niliiona hofu ile ile iliyokuwa machoni mwangu.

Mama yake akauliza tena kwenye simu, sauti ndogo.

"Anasemaje?" alisema baba.

"Anauliza kuna nini. Anauliza mbona tumenyamaza."

"Mjibu. Wewe ndiye mwenye Kiingereza."

"Nimwambie nini, baba?"

"Mwambie lile ambalo mimi hukuniambia."

Niliinyanyua simu kwa mikono miwili, kama daftari. Nilimwambia kwa Kiingereza, na nashukuru kilikuwa Kiingereza, maana kwa lugha ya watu haya hupungua makali. Nikasema jina langu. Nikasema huyu ni baba yangu, na mwanao ameleta barua nyumbani kwetu kutaka kunioa, na alikuja na wazee wa kuazima kwa sababu wazee wake wako mbali. Nikasema nilipoulizwa niliogopa. Nikasema, na hapo sikuona tena uso wake kwa machozi, kuwa ninamtaka mwanao, mama, na kama utaniruhusu, hatakaa tena peke yake siku aliyozaliwa.

Kanzu ilimponyoka Twaibu ikaanguka kwenye beseni.

Kule kwenye simu yule mama alipiga vigelegele, virefu, na vigelegele havihitaji mkalimani. Sichana alivijibu kutoka roshanini, mjinga yule, na wenzake wakafuata.

Baba aliinua mkono, wakanyamaza wote.

"Mimi Kiingereza sikijui," alisema. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama mbele yangu na shati la samaki, ndevu zake bado zina ubuyu, na barua ameikunja kiganjani. "Barua hii siwezi kuichana kwa vigelegele. Sema kwa Kiswahili, nisikie na mimi."

Nilikuwa naogopa wakati ule kuliko nilivyoogopa siku yoyote ya maisha yangu, na sikutazama vidole vya miguu.

"Namtaka, baba."

Alinitazama sana. Kisha akainama, akaitumbukiza barua ndani ya beseni, akaibonyeza chini ya povu kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya," alisema baba. "Leo nimekusikia."